Santuri Iliyoitwa Vita: Ghadhabu na Uteuzi wa Maneno

Mshairi anayekusudia kuandika juu ya damu iliyomwagika katika nchi yake hukabiliwa na swali gumu kabla hajahesabu hata mizani moja: amtaje nani? Akitaja jina, shairi laweza kugeuka hati ya mashtaka ya upande mmoja. Asipotaja, laweza kuwa pazia la kumfichia muuaji. Swali hili lilizuka darasani mwangu kila tulipofikia mashairi ya siasa. Leo nalitafakari kwa mfano uliotoka mbali na malenga wetu: bendi ya roki ya U2 na santuri yake ya tatu, War, yaani Vita, iliyotoka Februari 1983.

Bendi hiyo iliundwa mwaka 1976 jijini Dublin na wanafunzi wa Mount Temple, shule iliyowapokea watoto wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti pamoja. Mwimbaji wao, Bono, alizaliwa na baba Mkatoliki na mama Mprotestanti. Santuri ya kwanza, Boy (1980), ilihusu utoto na kubaleghe. Ya pili, October (1981), ilijaa imani. Zote mbili zilichimba ndani ya nafsi. Kisha ikaja Vita. Mtoto yule yule aliyekuwa kwenye jalada la santuri ya kwanza alirudi, safari hii akiwa amekaza macho kwa hasira. Ngoma zilipigwa kama za gwaride, gitaa likawa kali, na mada zikatoka barabarani: vuguvugu la wafanyakazi wa Poland, tishio la silaha za nyuklia, na Ireland yenyewe.

Wimbo wa kwanza wa santuri hiyo, "Sunday Bloody Sunday", unaikumbuka tarehe 30 Januari 1972. Siku hiyo, mjini Derry, Ireland ya Kaskazini, askari wa miavuli wa Uingereza waliwafyatulia risasi raia katika maandamano ya kupinga watu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Watu 13 walikufa siku ile, na wa 14 baadaye. Wapenzi wa lugha wayaangalie majina. Wanaotaka Ireland iwe moja huuita mji huo Derry. Jina rasmi, wanalolishikilia wanaotaka kubaki na Uingereza, ni Londonderry. Kuutaja mji tu ni kujitambulisha, nami nimekwisha kuchagua. Hata jina la Jumapili ya Damu lilirithiwa: lilikuwa tayari la tarehe 21 Novemba 1920, siku ya mauaji jijini Dublin.

Wengine walikuwa wametangulia kuimba. Mwaka ule ule wa 1972, Paul McCartney alitoa wimbo wa kuitaka Uingereza iwarudishie Waayalandi nchi yao, BBC ikaupiga marufuku. John Lennon naye alitoa wake, wenye jina lile lile la Jumapili. Wote wawili walichagua upande bila kificho.

U2 walishika njia nyingine. Mpiga gitaa, The Edge, aliuanza wimbo huo mwaka 1982, na katika rasimu ya awali makundi yenye silaha yalitajwa kwa majina. Majina hayo yakafutwa. Kilichobaki ni mtu aliyepata habari na hawezi kuzivumilia, na kiitikio kinachouliza haya yatadumu hadi lini. Kadiri sauti ilivyozidi ukali, ndivyo maneno yalivyozidi kujizuia. Jukwaani Bono alibeba bendera nyeupe, bendera isiyo ya taifa lolote.

Je, kufuta majina hakukuwa kuwakwepa waliofiwa? Pingamizi hili ni zito. Ripoti ya jaji Widgery, mwaka 1972, iliwaondolea askari sehemu kubwa ya lawama, na familia za Derry hazikuhitaji mafumbo, zilihitaji ukweli. Zilidai kwa miaka mingi, hadi ripoti ya Saville ya tarehe 15 Juni 2010 ilipotamka kwamba mauaji yale hayakuwa na sababu ya haki, na waziri mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Miaka 38 ilikuwa imepita. Wimbo haukuifanya kazi hiyo, wala usingeweza.

Lakini ulifanya kazi ambayo ripoti haiwezi. Tarehe 8 Novemba 1987 bomu la IRA liliua watu 11 mjini Enniskillen, katika hafla ya kuwakumbuka wafu wa vita. Usiku huo U2 walikuwa Denver, Marekani. Wakaimba wimbo ule ule, na katikati yake Bono akawalaani waliotega bomu. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya wafu wa Derry uliwalilia wafu wa Enniskillen bila kubadilishwa neno. Kama majina ya rasimu yangebaki, nadhani usingeweza kuvuka daraja hilo.

Basi kwa mshairi kijana naamini jibu ni hili: jina liandikwe pale linapodaiwa, kwenye ushahidi, kwenye barua ya wazi, mbele ya jaji, tena bila woga. Shairi lipewe maombolezo ambayo hata mama wa upande wa pili aweza kuyaitikia. Mwenye kufanya la pili asijidhanie amemaliza la kwanza.