Nilikonda, kukhu akaniuliza kama nimepimwa

Wiki jana niliweka video nikikimbia barabara ya Kitale kwenda Kiminini, na maswali karibu yote kwa inboksi yalikuwa moja: "Umepunguza kilo ngapi?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza nilikimbia kilomita ngapi. Sawa, siwalaumu, miaka miwili iliyopita mimi pia ningeuliza hivyo hivyo. Lakini leo tuongee historia kidogo. Najua niliacha chuo mwaka wa pili. Chuo niliacha, kusoma sikuacha.

Hapa kwetu hakuna mtu alikuwa anakimbia ndio akonde. Mbio zilikuwepo, si eti hazikuwepo. Chukua Wabukusu wa Bungoma, watu wa mamangu. Agosti ya kila mwaka wa shufwa, 2022, 2024, vijana wa kutahiriwa huzunguka kwa jamaa wakipiga chinyimba, wanaalika watu. Alfajiri ya siku yenyewe wanatoka mtoni wamepakwa matope, wanarudishwa nyumbani mbiombio kwa nyimbo. Hiyo mbio ina siku yake, ina mahali inaanzia na mahali inaishia, na kuna watu wanakungoja pale mwisho. Shikeni hiyo.

Mbio za saa na medali zilikuja na mkoloni, kupitia shule, polisi, jeshi na magereza. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa 1951. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony walikuwa London wakikimbia pekupeku mbele ya Wazungu waliodhani hawa watachoka tu. Maiyoro akamaliza wa tatu kwa maili tatu. Miaka kumi baadaye, Tokyo 1964, Wilson Kiprugut, mwanajeshi, akaleta shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya kwa Olimpiki.

Lakini mtu wangu ni Ben Jipcho. Ni wa hapa, Msabaot wa Mlima Elgon, upande wa Bungoma, ule mlima tunauona kutoka Kitale asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Mwaka 1968 kule Mexico, fainali ya mita 1500, Mmarekani Jim Ryun alikuwa na ile nguvu ya kumalizia ambayo hakuna mtu alikuwa nayo. Jipcho akatoka mbele kama mtu anayeibiwa kuku, mzunguko wa kwanza sekunde 56, kwa mji ulio mita zaidi ya 2,200 juu ya bahari. Alijua atakufa njiani. Ilikuwa ni ya kumfungulia Kipchoge Keino, ili mbio iwe kali mapema na Ryun asifike mwisho na hiyo nguvu yake. Keino akashinda kwa karibu sekunde tatu. Jipcho akamaliza wa kumi. Baadaye alimwomba Ryun msamaha, kitu ambacho mimi bado sijui kama kilihitajika.

Na hakuishia hapo. Munich 1972, fedha ya kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino huyo huyo. Mwaka 1973 akaivunja rekodi ya dunia ya mbio hizo. Christchurch 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, dhahabu mbili na shaba moja. Hiyo shaba ya 1500 aliipata siku ambayo Filbert Bayi wa Tanzania aliweka rekodi ya dunia, kwa hivyo hata hapo hakuna aibu. Jipcho alifariki Julai 2020, na nikiuliza watu wa rika langu hapa mjini, wengi hawamjui. Wanajua chai ya kukata kitambi.

Haya, hiyo ya kukonda ilitoka wapi? Ilitoka mbali, na hata yenyewe haikuanza na kitambi. Ilianza na moyo. New Zealand, mwaka 1962, kocha Arthur Lydiard alisaidia kuanzisha kilabu ya wakimbiaji wa polepole Auckland. Hawa walikuwa watu wazima wa ofisi, wengine wameshawahi kupata shida ya moyo. Kocha Mmarekani, Bill Bowerman, akaenda kutembea huko, akaalikwa kukimbia nao, akaachwa na mzee wa miaka zaidi ya 70. Alirudi Oregon na aibu yake, akaanza kufundisha majirani, na mwaka 1967 akatoa kitabu kuhusu kujogi pamoja na daktari wa moyo. Mwaka uliofuata Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga, akatoa chake kuhusu mazoezi ya kutumia hewa. Ni watu wa kukaa kwa kiti na kuendesha gari ndio walihitaji kutafutiwa sababu ya kukimbia. Nyanya zetu walikuwa wanabeba maji na kuni, nani angewaambia waongeze kilomita tano?

Halafu kiuno kikachukua nafasi ya moyo. Mtu aliyeiuza sana hiyo hadithi ni Jim Fixx. Alianza kukimbia 1967, na kilo zake karibu 97 na pakiti mbili za sigara kwa siku. Akaacha sigara, akapunguza kilo kama 27, na mwaka 1977 akatoa kitabu kilichouzwa vibaya sana, nikimaanisha vizuri. Mwaka 1984 akaanguka akikimbia, miaka 52, mishipa ya moyo imeziba. Babake alikufa kwa moyo akiwa na miaka 43, kwa hivyo labda zile mbio zilimwongezea miaka. Lakini kwa mizani alikuwa ameshinda zamani. Mizani haikuona moyo.

Sasa mimi. Nilirudi nyumbani Kitale nikiwa na kilo 84 na sina digrii, na kwa video zangu watu waliandika juu ya kilo tu. Nikaanza kukimbia saa kumi na moja asubuhi nimejifunga karatasi ya nailoni tumboni chini ya sweta, nitoe jasho. Nilikula mara moja kwa siku. Kilo zikaanguka, nikapata wafuasi, nikazidi. Halafu nikajiandikisha kwa mbio za kilomita 10 Bungoma, kwa sababu kwa akili yangu ilikuwa kitu kimoja: si ni kukimbia tu? Tena Bungoma iko chini, karibu mita 500 chini ya Kitale, nikaona hewa itanibeba. Kilomita ya saba magoti yalikataa. Nikakaa kando ya barabara kama gunia. Na kitu ambacho sikuwa nimeambia mtu, hata mamangu: hedhi ilikuwa imepotea miezi minne.

Nilienda kupumzika kwa kukhu, huko huko Bungoma. Nilitarajia anisifu. Aliniangalia vile nimeingia, akanyamaza, akaendelea kuchambua mboga. Jioni tukiwa wawili jikoni akaniuliza polepole, "Mama, umepimwa?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikaona uso wake.

Mwaka 1985 madaktari wa Uganda waliandika ripoti juu ya ugonjwa mpya kule Rakai, na jina walilopewa na watu wa huko lilikuwa Slim. Ndio, hilo hilo jina liko kwa pakiti za chai mnazonitumia nitangaze. Ulipita mpaka huu wetu pia, na ni 1999 ndipo serikali ya Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Kukhu alizika watoto wawili miaka hiyo, wajomba ambao nawajua kwa picha tu. Kwake mtu kukonda ghafla si mazoezi. Anaijua hiyo mashavu. Mimi nilikuwa najivunia mifupa ambayo yeye aliiosha.

Nilipimwa, niko sawa. Nesi aliyeniuliza habari za hedhi ndiye alinitisha zaidi, kwa sababu alinieleza kwamba mwili ukinyimwa chakula na huku unakimbizwa, unazima vitu, na mifupa pia inaumia. Na msidhani wa mashindano wako salama. Mary Cain, Mmarekani aliyekuwa na kipaji cha ajabu, alisema hadharani mwaka 2019 kwamba kwa kikosi chake alisukumwa akonde, hedhi ikakatika miaka mitatu, mifupa ikavunjika mara tano. Mizani ikiingia kambini, mbio inageuka ile nyingine.

Wakimbiaji wetu wanakula nini? Vincent Onywera na wenzake waliwapima wakiwa kambini, utafiti ukatoka 2004: kama asilimia 76 ya nguvu yao ilitoka kwa wanga. Ugali, na sukari, ambayo peke yake ilikuwa karibu asilimia 20. Chai ya maziwa, jamani! Linet Masai, msichana wa Mlima Elgon, alishinda dhahabu ya mita 10,000 Berlin 2009 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, Mhabeshi Melkamu akiwa ameanza kushangilia. Hiyo sehemu moja ya kumi huwezi kuitoa kwa tumbo tupu.

Sisemi kupunguza mwili ni dhambi. Kuna watu daktari amewaambia, wafanye. Mimi nilichoshindwa ni kwamba ile yangu haikuwa na siku ya kuisha. Nikifika kilo 70 nilitaka 65, nikifika 65 nilitaka 60. Siku hizi mzee mmoja wa hapa, aliyewahi kukimbia zamani, ananifundisha kwa ajili ya kilomita 10 hizo hizo. Kila asubuhi kabla ya kuniuliza dakika, ananiuliza nimekula nini. Nailoni nilichoma. Kilo zangu sijui, na hedhi ilirudi Machi.

Nilipomwambia kukhu nitarudia zile mbio, aliuliza zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Nikamwambia. Akafikiria, akasema atakuja kukaa pale mwisho na chupa ya chai, kisha akauliza kama kuna askari atamkataza kuingia nayo.