Wawindaji wa Ndege Katika Nchi ya Meru

Wasomaji wetu wengi wakisikia habari za uwindaji, mara huwaza tembo, simba na nyati. Kanga na bata husahauliwa. Walakini mtu atakaye kujua jinsi uwindaji ulivyogeuka katika nchi hii, kutoka kazi ya mwenye njaa hata ukawa mchezo wa mgeni mwenye fedha, atajifunza mengi kwa ndege kuliko kwa pembe.

Hapo kale watoto wachungaji walitega kwale na kanga kwa tanzi na ulimbo kando ya mashamba, maana ndege hao hufukua mbegu. Wamaasai, ambao Waarusha wana lugha moja nao, hawakuwa walaji wa ndege. Lakini vijana wao waliokwisha kutahiriwa walipiga ndege wadogo kwa mishale butu, wakawafunga pamoja kuwa taji la kuvaa kichwani. Huo haukuwa mchezo, ulikuwa cheo. Nasi twakumbuka kwamba hata Torati, katika Kumbukumbu mlango wa 22, yamruhusu mtu kutwaa makinda, bali yamwamuru amwache mama yao aende zake. Tena hapakuwa na mtu wa kuuza ruhusa.

Katika mwaka wa 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri juu ya uwindaji katika nchi yote iliyotawaliwa na Wadachi: mwindaji atwae hati na kulipa ada, na mahali pawili pawe hifadhi, pamoja upande wa Rufiji na pamoja magharibi ya Kilimanjaro. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, kisha majeshi yakaja kulipiza kisasi. Watu wa mlimani waliokuwa wakizika wafu wao na kutafuta ng'ombe wao walionyang'anywa wasingekuwa na nafasi ya kuuliza habari za hati ya kuwinda. Boma la Arusha likajengwa karibu na mwisho wa karne ile, kwa kazi ya kulazimishwa.

Mwaka 1900 wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikutana London, wakapatana juu ya wanyama wa Afrika. Orodha yao yastahili kutazamwa. Tai, bundi, karani tamba na yule ndege alaye kupe juu ya nyati walitajwa kuwa wasiuawe kwa ajili ya faida yao. Bali mayai ya mamba na ya nyoka wenye sumu yaharibiwe. Mwafrika hakuwamo barazani, ingawa ndiye aliyejua tangu zamani ndege yupi ana faida na yupi hana.

Kisha walowezi wakaja. Mwaka 1907 alifika Margarete Trappe pamoja na mumewe, wakakaa Ngongongare na Momella. Bibi huyu alikuwa hodari wa farasi na bunduki. Baada ya vita ya kwanza aliondoshwa nchini. Aliporudi, alipata riziki yake kwa kuwaongoza wageni kuwinda, hata akahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kuifanya kazi hiyo. Wenyeji walimwita Yeyo, yaani mama. Alifariki mwaka 1957, na vitabu vimeandikwa juu yake.

Lakini mwongozi naye alikuwa na waongozi wake. Ni nani aliyejua kwamba kanga hushuka majini jioni kabla ya kupanda mtini kulala? Ni nani aliyejua kwamba kwale hupenda kukimbia kuliko kuruka, hata wapiga-vichaka wakampita pande zote mbili? Firigogo wa nchi kavu huja kunywa asubuhi kwa makundi, jua likiisha kupanda, na dume huloanisha manyoya ya tumbo lake awachukulie makinda maji. Wataalamu wa Ulaya walibishana juu ya jambo hilo miaka mingi, hata likathibitishwa mwaka 1967. Mtoto wa mchungaji aliyelala karibu na kisima angaliweza kuwaambia.

Bunduki ya marisau ikilia, mmoja alipiga mbio na kisu, amwahi ndege angali hai, ili wapagazi Waislamu nao wapate kula. Ndege hao ndio waliokuwa kitoweo cha kambi. Jina la bwana aliyepiga lilitiwa daftarini. Jina la mwenye kisu halikutiwa. Hilo twaliona kuwa deni, wala si dogo.

Waingereza walitunga sheria yao mwaka 1921. Bwana mkubwa wa wanyama alikuwa C. F. M. Swynnerton, mjuzi wa ndege, ambaye yuko ndege aitwaye kwa jina lake hata leo. Wenye ujuzi wa ndege hawakukosekana serikalini. Waliokosekana ni wale walioishi pamoja nao. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na mwaka uliofuata Japhet Kirilo akapeleka mashtaka yao Umoja wa Mataifa. Mambo ya ardhi na mambo ya mawindo hayakuwa mbalimbali kamwe.

Hifadhi ilianzishwa Ngurdoto mwaka 1960, na mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967. Uwindaji ulifungwa nchi nzima mwaka 1973, ukafunguliwa tena mwaka 1978. Wageni wangali wakiwinda kanga na kwale katika vitalu nje ya hifadhi, kwa leseni. Palipo na maji yako mashaka mengine: risasi ndogo zikizama topeni, bata huzimeza kama changarawe, wakafa kwa sumu. Na bata wengi wa miezi ya Oktoba hata Aprili ni wasafiri kutoka Ulaya na Asia.

Momella penyewe hapawindwi tena. Heroe husimama katika maji ya magadi, na mgeni huja na darubini. Apandaye mlima hufuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, nayo huchukuliwa kwa ajili ya nyati.