Tumbako ya Ziwani na Kiu ya Ubongo

Watu wengi hudhani ya kuwa moshi ndio unaomfunga mvutaji. Tena humcheka mtu aliyeapa kuacha sigara, kisha baada ya siku tatu aonekana tena sokoni Uvira akinunua moja moja. “Huyu hana moyo,” ndivyo wasemavyo. Lakini historia ya ziwa letu yatufundisha jambo jingine.

Tumbako si mmea wa asili wa Afrika. Ilitoka Amerika, ikaletwa na Wareno na wafanya biashara wengine, ikapita mkono kwa mkono hata ikafika bara. Mwezi wa Aprili 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi wakafika Uvira. Walitaka kujua kama mto Ruzizi watoka ziwani au waingia. Wakaambiwa kwamba waingia. Katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1860, Burton alieleza desturi iliyomshangaza kwa watu wa ziwa hili. Wachache tu walivuta kiko. Wengine walichukua tumbako katika kibuyu au chungu kidogo, wakaitia maji, wakaikamua, na maji yale wakayavuta puani kutoka kiganjani. Kisha walibana pua kwa kibano cha chuma au cha mti, ili yasitoke upesi.

Angalieni basi: hapana moto, hapana moshi, na tumbako yapendwa vilevile. Mbona? Kwa sababu kinachotafutwa kimo ndani ya jani lenyewe. Mwaka 1828, huko Heidelberg katika Ujerumani, Posselt na Reimann walikitenga kitu hicho. Chaitwa nikotini, kwa jina la Jean Nicot, balozi wa Ufaransa aliyepeleka tumbako kwao kutoka Lisbon katika karne ya 16. Hupita katika ngozi laini ya pua kama ipitavyo mapafuni, ikaingia katika damu, na damu ikaipeleka kwenye ubongo. Tofauti ni mwendo: kwa moshi wa sigara hufika kwa muda wa nukta chache tu, nusu dakika haijaisha.

Je, ikifika hufanya nini? Mwaka 1905 John Langley wa Cambridge, akijaribu nikotini katika misuli ya kuku, alitambua kwamba mwili una mahali maalum pa kuipokea. Pawazieni kama kufuli. Kufuli hizo zimo katika ubongo pia. Ufunguo wake halisi ni kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe. Nikotini ni ufunguo wa bandia unaoingia mumo humo. Kufuli ikifunguliwa, ubongo humwaga dopamini, nayo humfundisha mtu: “Hili lilikuwa jema, lifanye tena.” Mtu akizidi kuvuta, kufuli huongezeka. Kisha nikotini hupungua katika damu, nusu yake kwa muda wa saa mbili hivi, na kufuli nyingi zabaki na njaa. Ndipo mtu hukasirika upesi, hukosa usingizi, wala hawezi kutuliza mawazo. Tena ubongo hukumbuka mahali na saa: mvuvi wa ndagala aliyezoea kuvuta mtumbwini usiku, akishika kasia tu, kiu humjia.

Walioelewa hayo walitafuta dawa. Katika Bulgaria, mwaka 1964, walianza kuuza vidonge vya sitisini, kitu cha mmea kinachofanana na nikotini. Katika Uswidi, Ove Fernö alipata habari mwaka 1967 ya mabaharia wa manowari zipitazo chini ya maji, ambao hawakuweza kuvuta humo, wakatafuna tumbako. Akatengeneza ubani wa kutafuna wenye nikotini, ili mtu apunguze kidogo kidogo pasipo moshi. Mwaka 1996 Marekani ilikubali hata nikotini ya kupuliza puani, njia ile ile waliyoijua wazee wa ziwa! Lakini msidanganyike: maji ya tumbako si dawa, na ugoro una sumu zake. Shirika la Afya Duniani liliandika dawa za nikotini katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2009.

Dawa hizo si rahisi kupatikana katika kila kijiji cha pwani yetu. Hata hivyo maarifa yake hayana bei. Anayetaka kuacha na achague siku, amwambie mkewe na rafiki zake, atupe kiberiti, aepuke kwa muda mahali pa kuvutia. Siku za kwanza ndizo ngumu kuliko zote; baada ya majuma machache kiu kali hupungua, na kufuli zile hurudi karibu na hesabu yake ya zamani. Akianguka, aanze tena, maana wengi hufaulu baada ya kujaribu mara nyingi.

Nasi tulio karibu naye tuache kumcheka. Tumbako huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani. Mtu anayepigana na ubongo wake mwenyewe hahitaji dhihaka. Ahitaji wa kumshika mkono.