Shamba Liko Wapi? Historia Fupi ya Fedha za Haraka



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo lililokwisha kuziingia nyumba nyingi nchini mwetu na kuziacha na kilio, nalo ni ahadi ya utajiri wa haraka. Tutapita njia ya historia, kwa maana ulaghai huu si mgeni duniani. Kinachobadilika ni jina na mavazi yake tu.

Sisi wa Kahe twaishi kwa kalenda ya shamba. Mpunga na mahindi ya uwanda huu hutaka maji ya mfereji, jasho, na miezi ya kungoja. Ndugu zetu wa mlimani wamefundishwa subira kubwa zaidi, kwani mkahawa hauzai vema kabla ya miaka mitatu au minne. Juu ya zao hilo la polepole wazee walijenga chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Ushirika ulipata misukosuko mingi katika maisha yake, lakini hapakuwa na fumbo juu ya asili ya fedha yake: kahawa ilipimwa kwenye mizani, ikauzwa, mkulima akalipwa.

Vivyo hivyo upatu wa kina mama. Watu kumi wakitoa shilingi 10,000 kila juma, kila mmoja kwa zamu yake hupokea 100,000. Mwisho wa mzunguko hakuna aliyepata zaidi ya alichotoa. Faida yao ni nidhamu na msaada wa wakati. Ni jambo la kusikitisha kwamba neno hilohilo, upatu, ndilo linalotumika leo mahakamani na magazetini kutaja wizi. Mwizi amevaa kanzu ya mtu mwaminifu.

Mwizi huyo anajulikana tangu zamani. Mwaka 1920, katika mji wa Boston nchini Marekani, Mwitaliano mmoja aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Alidai kwamba faida hiyo yatokana na biashara ya kuponi za posta za kimataifa. Kuponi zilikuwapo kweli duniani, lakini biashara aliyoisimulia haikuwapo. Waliotangulia alikuwa akiwalipa kwa fedha za waliofuata. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo jengo lote lilianguka, naye akafungwa. Alifariki Rio de Janeiro mwaka 1949, akiwa maskini.

Nchini kwetu mavazi yalikuwa ya kidini. Kati ya mwaka 2007 na 2009 taasisi iliyoitwa DECI, yenye makao yake Mabibo jijini Dar es Salaam, ilipokea fedha za umati mkubwa wa Watanzania. Miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji. Fedha iliyotolewa iliitwa mbegu; kuitoa kuliitwa kupanda; na kulipwa kuliitwa kuvuna. Ni nani kati yetu, aliyelelewa kwa mfano wa mpanzi, ambaye masikio yake hayangelainika? Serikali iliizuia mwaka 2009 na viongozi watano wakafikishwa Mahakama ya Kisutu. Mwezi wa Agosti 2013 wanne walitiwa hatiani kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni, wakahukumiwa kifungo cha miaka mitatu au faini ya shilingi milioni 21 kila mmoja. Wa tano aliachiwa huru.

Hapa tunaomba tutue kidogo. Watu wengi husema, “Waliojiunga walikuwa wajinga.” Sivyo. Waliojiunga mapema walivuna kweli. Jirani alipokuja kusema, “Mimi nimelipwa,” hakusema uongo; alionesha noti mkononi. Ushuhuda wake ulikuwa wa kweli, lakini haukuthibitisha lolote, kwa sababu noti ile haikutoka shambani. Ilitoka mfukoni mwa jirani mwingine. Ndiyo maana ulaghai huu huenea kwa watu wanaoaminiana: ndugu, wanajumuiya, wafanyakazi wenza. Huila imani iliyojengwa kwa miaka mingi, na ukiisha kuila, huacha aibu ambayo hunyamazisha midomo.

Hesabu yenyewe haidanganyi. Tuseme kila anayeingia lazima alete watu watano. Mmoja huleta 5, hao huleta 25, kisha 125, 625, na kuendelea. Hatua ya tisa peke yake yadai watu 1,953,125. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi 1,861,934 katika mkoa mzima wa Kilimanjaro, pamoja na watoto wachanga. Kwa hiyo kuanguka si ajali wala hila ya maadui. Kumeandikwa tangu siku ya kwanza. Na siku hiyo ikifika, walio wengi ni wale wa mwisho, ambao bado hawajavuna.

Leo vazi ni simu ya mkononi. Mwezi wa Februari 2025 Benki Kuu ya Tanzania iliutahadharisha umma juu ya mpango uliojulikana kama LBL, Leo Beneath London, kwamba haukuwa na leseni. Watu walikuwa wameahidiwa malipo kwa kutazama vipande vya filamu, mradi kwanza watoe fedha yao. Hakuna tena mbegu wala kuponi, lakini mwili ni uleule.

Basi, wapendwa, tufanyeje? Swali la kwanza ni la mkulima: shamba liko wapi? Atakayeshindwa kukuonesha kinacholimwa, kinachouzwa, na anayekinunua, usimpe mbegu yako. Pili, uliza leseni, na jibu ulitafute Benki Kuu wenyewe, si kwa yule anayekuvuta. Cheti cha kusajili jina la kampuni si ruhusa ya kupokea amana. Tatu, ukiambiwa kwamba kipato chako kitategemea watu utakaowaleta, tambua kwamba bidhaa inayouzwa ni wao. Nne, anayekuharakisha usilale usiku mmoja wala kumshauri mwenzi wako, huyo anaogopa asubuhi.

Kwa aliyekwisha kuingia: usimwingize mwingine ili kurudisha chako, maana hapo ndipo aliyeibiwa hugeuka mkono wa mwizi. Tunza stakabadhi na ujumbe wote wa simu, utoe taarifa polisi. Ukidaiwa ada ya “kufungulia” fedha zako, usiitoe. Huo ni wizi wa pili. Nasi tulio jirani tusimcheke. Kicheko chetu humfungia mlango wa kusema, na mtu asiyesema hawezi kumwonya yule atakayebishiwa hodi kesho.