Tarehe kwenye Pasipoti Si Kinga: Hoja ya Chanjo ya Kila Miezi Sita kwa Farasi wa Mashindano

Ikisiri

Makala hii inachunguza kanuni za chanjo ya mafua kwa farasi wa mashindano. Inadai kwamba kanuni hizo zitungwe kwa ajili ya kundi zima linalokutana uwanjani, wala si kwa ajili ya farasi mmoja mmoja. Kwa kulinganisha milipuko ya Japani na Australia ya mwaka 2007 na ule wa Uingereza wa mwaka 2019, inapendekeza dozi ya nyongeza kila baada ya miezi sita, chanjo zinazofuata mabadiliko ya kirusi, na karantini isiyolegezwa kwa kisingizio kwamba farasi amechanjwa.

Utangulizi

Ni wanyama wachache wa kufugwa wanaosafiri kama farasi wa mashindano. Mwezi huu anaruka viunzi Ulaya, mwezi ujao yuko Dubai au Doha, na kila anakofika analala jirani na farasi waliotoka nchi nyingine. Kirusi cha mafua ya farasi hustawi katika mikusanyiko ya namna hiyo. Dalili hujitokeza siku moja hadi tatu tu baada ya maambukizi: homa inayoweza kufika nyuzi 41 za Selsiasi, kikohozi kikavu, makamasi na kukosa hamu ya kula. Kikohozi hurusha kirusi umbali wa makumi ya mita, huku mikono, ndoo na hatamu zikikihamishia banda la pili. Wasio na kinga huugua karibu wote kwa pamoja. Wengi hupona, ila njia zao za hewa huhitaji majuma kadhaa kurudi katika hali yake, na farasi anayeharakishwa kurudi mazoezini huweza kuishia kupata nimonia.

Ndiyo maana mamlaka za mchezo huu hudai chanjo. Kwa miaka mingi kanuni ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) ilitaka dozi mbili za mwanzo zipishane kwa siku 21 hadi 92, ya tatu ifuate ndani ya miezi saba, na baada ya hapo farasi achanjwe walau mara moja kwa mwaka. Anayeingia mashindanoni hubanwa zaidi: lazima awe amechanjwa ndani ya miezi sita na siku 21 kabla ya kuwasili, na asiwe amechanjwa ndani ya siku saba za mwisho. Sharti hili la miezi sita lilianza mwaka 2005. Mamlaka za mbio katika nchi mbalimbali, kwa upande wao, ziliridhika kwa muda mrefu na chanjo ya mara moja kwa mwaka.

Hoja yangu ni kwamba muda wa mwaka mmoja hautoshi popote farasi wanapokusanyika, na kwamba hata miezi sita haitoshi ikiwa kanuni itaishia kwenye kuhesabu tarehe.

Kinga inavyojengwa na inavyopungua

Katika maabara, kinga inayotokana na chanjo za virusi vilivyouawa hupimwa kwa kuangalia kingamwili za damu zinavyoyeyusha seli nyekundu zilizopakwa kirusi. Kadiri kingamwili zinavyokuwa nyingi ndivyo duara la myeyuko linavyopanuka. Tafiti za Uingereza, hasa za Jennifer Mumford na wenzake huko Newmarket, zilionyesha viwango viwili muhimu. Duara la takriban milimita za mraba 85 humlinda farasi asiugue. Ili asiambukizwe kabisa, na hivyo asimwage kirusi kwa wenzake, duara linahitaji kufika takriban milimita za mraba 150.

Viwango hivyo viwili ndivyo kiini cha suala zima. Farasi aliye kati ya kiwango cha kwanza na cha pili anaonekana mzima. Hakohoi, halali chini, anakula vizuri, na mwenye farasi anaamini chanjo imefanya kazi yake. Pamoja na hayo, anaweza kukibeba kirusi na kukitoa puani kwa siku chache, akapita karibu na mtoto wa farasi au farasi aliyechelewa kuchanjwa. Mwenye farasi ameridhika na kiwango cha kwanza kwa sababu mnyama wake haugui. Jamii ya farasi inahitaji cha pili.

Kingamwili nazo hushuka. Baada ya dozi mbili za mwanzo hupanda kwa haraka, kisha huporomoka kabla ya dozi ya tatu, na hapo ndipo farasi kijana huwa katika hatari kubwa. Baada ya dozi ya tatu kushuka huwa kwa taratibu zaidi, lakini farasi hawalingani: wapo wanaobaki na kinga kubwa mwaka mzima, na wapo ambao kinga yao imeshapungua sana kabla ya mwezi wa nane. Kanuni ya mwaka mmoja huwahesabu wote sawa. Miezi sita hupunguza pengo hilo, kwa kuwa humfikia farasi mwenye mwitikio dhaifu kabla hajawa mlango wa kuingilia ugonjwa.

Agosti 2007: kirusi kimoja, mataifa mawili

Agosti 2007 ilitoa ushahidi ambao hakuna mtafiti angeweza kuuandaa kwa makusudi. Japani ilikuwa haijaona mafua ya farasi kwa miaka 36. Farasi wake wa mbio walikuwa wamechanjwa, lakini kirusi kilipenya mazizi ya mazoezi, na mbio kubwa za tarehe 18 na 19 zikafutwa. Farasi wengi waliogundulika kuambukizwa walikuwa na dalili hafifu au hawakuwa nazo kabisa, na baada ya vipimo na kuwatenga wagonjwa, mbio zilirejea ndani ya majuma machache.

Kirusi cha karibu ukoo uleule kilifika Australia, nchi iliyokuwa haijapata ugonjwa huu na isiyokuwa na desturi ya kuchanja. Uchunguzi ulielekeza kwa madume ya kuzalishia yaliyotoka Japani na kupokewa katika kituo cha karantini cha Eastern Creek, karibu na Sydney. Farasi hao walikuwa wamechanjwa. Kirusi kilitoka kituoni, kikafika kwenye mashindano ya Maitland katikati ya Agosti, na washiriki waliporudi makwao walikisambaza New South Wales na Queensland. Safari za farasi zilipigwa marufuku, msimu wa mbio wa Sydney ukavunjika, na makumi ya maelfu ya farasi wakaugua. Hatimaye serikali ilitumia chanjo yenye vinasaba vya mafua ndani ya kirusi cha ndui ya ndege chiriku, kwa sababu iliwezesha maabara kumtofautisha farasi aliyechanjwa na aliyeambukizwa. Mwaka ulipokwisha, ugonjwa ulikuwa umetokomezwa.

Ulinganisho huu una mafunzo mawili, na la pili husahaulika. La kwanza ni kwamba kundi lililochanjwa huweza kuambukizwa lakini haliangushwi. La pili ni kwamba farasi waliochanjwa, wakiwa wazima machoni pa kila mtu, ndio waliokivusha kirusi mpaka. Jaji Ian Callinan, aliyeongoza uchunguzi wa serikali, alikuta taratibu za karantini hazikufuatwa ipasavyo, na akaona kwamba kirusi huenda kilitoka kituoni kupitia mtu au kifaa. Chanjo ilikuwa imegeuzwa kuwa mbadala wa tahadhari, ilhali kazi yake ni kuiongezea tahadhari nguvu.

Uingereza, Februari 2019

Uingereza ilikuwa imelazimisha chanjo kwa farasi wa mbio tangu mwaka 1981. Hata hivyo, Februari 2019 farasi watatu waliochanjwa katika zizi moja walikutwa na kirusi, na farasi wa zizi hilo walikuwa wamekimbia siku hiyo hiyo matokeo yalipothibitishwa. Mamlaka ya mbio ilisimamisha mbio zote kwa siku sita, ikafunga mazizi 174 na kupima maelfu ya farasi. Tarehe 13 Februari mbio zilirejea, kwa sharti kwamba kila mshiriki awe amechanjwa ndani ya miezi sita.

Wapo waliosema tukio hilo lilithibitisha kwamba chanjo haifai. Nasoma kinyume. Wagonjwa walikuwa wachache na mbio zilirudi kabla ya tamasha la Cheltenham la mwezi uliofuata. Kilichoshindwa ni kanuni ya mwaka mmoja, na mamlaka yenyewe ilikiri hivyo kwa vitendo pale ilipodai miezi sita kama sharti la kurejea uwanjani. Swali ni kwa nini kinachodaiwa wakati wa hatari kisidaiwe kabla yake. Kuongeza dozi wakati kirusi kimeshafika ni kazi ya haraka inayohitaji madaktari wengi, na kingamwili huhitaji siku kadhaa kupanda.

Kirusi hakingoji kanuni

Kirusi cha H3N8 kilitambuliwa Miami mwaka 1963, na tangu hapo kimegawanyika katika matawi. Kile cha H7N7, kilichogunduliwa Prague mwaka 1956, hakijaonekana kwa miongo kadhaa. Mwaka 2010 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilipendekeza chanjo ziwe na wawakilishi wa matawi yote mawili ya ukoo wa Florida wa H3N8, yaani la kwanza na la pili, na kwamba H7N7 haihitajiki tena. Watengenezaji hawakuitikia wote kwa kasi moja.

Andrew Park na wenzake walionyesha kihesabu mwaka 2004 kwamba hata tofauti ndogo kati ya kirusi cha chanjo na kinachozunguka huongeza uwezekano wa mlipuko mkubwa katika kundi lililochanjwa. Kwa hiyo farasi mwenye tarehe zilizonyooka lakini chanjo iliyopitwa na wakati anaweza kuwa hatari kuliko aliyechelewa kwa siku chache akiwa na chanjo mpya. Pasipoti huandikwa jina la chanjo na namba ya toleo, lakini hukumu ya mkaguzi huegemea tarehe. Mamlaka za mashindano zinapaswa kutangaza kila mwaka orodha ya chanjo zinazokidhi pendekezo la kimataifa, na kutoa muda wa mpito kwa wenye farasi katika nchi ambako chanjo hizo hazipatikani.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni gharama na madhara. Dozi mbili kwa mwaka ni mzigo kwa mwenye farasi mmoja kijijini, na wapo farasi wanaovimba shingo au kupata homa kwa siku moja au mbili. Jibu ni kwamba sharti limhusu anayekwenda mkusanyikoni tu, na siku saba za mapumziko kabla ya kuwasili zimewekwa kwa ajili ya madhara hayo. Kufungwa kwa mazizi 174 kuligharimu zaidi ya sindano.

Pingamizi la pili ni kwamba kibali cha chanjo nyingi kinaruhusu dozi moja kwa mwaka. Kibali hicho hutegemea majaribio ya farasi mmoja mmoja, na swali lake ni kama mnyama ataugua. Hakiulizi kama atamwambukiza jirani yake katika banda lenye farasi mia tatu. Maswali hayo mawili yana majibu tofauti, kama viwango viwili vya kingamwili vinavyoonyesha.

Nje ya uwanja

Afrika inajua gharama ya kundi lisilo na kinga. Afrika Kusini ilivamiwa mwaka 1986 na tena 2003, mara zote mbili kupitia farasi walioagizwa kutoka nje. Mwaka 2019 kirusi cha H3N8 kilipita Afrika Magharibi, kuanzia Nigeria na Niger hadi Senegali, na maelfu ya punda waliripotiwa kufa. Punda hawa hawakuwa na pasipoti wala mashindano. Walibeba maji, kuni na mavuno. Ugonjwa unaoahirisha mbio kwa farasi wa tajiri humwondolea maskini riziki. Mwenye punda wa Lamu au wa Dodoma hatafikiwa na kanuni za FEI, lakini ana haki ya kutarajia kwamba wanaopitisha farasi kwenye viwanja vya ndege vya dunia hawatampelekea kirusi.

Hitimisho

Mambo manne yanafuata kutokana na hoja hii. Kwanza, miezi sita iwe kiwango cha kawaida kwa kila mbio na mashindano, na kipindi kati ya dozi ya pili na ya tatu kifupishwe kwa farasi vijana. Pili, aina ya kirusi kilichomo katika chanjo ikaguliwe pamoja na tarehe. Tatu, farasi anayevuka mpaka akae karantini na apimwe puani, achanjwe au asichanjwe. Nne, mwenye farasi anayetoa taarifa ya kikohozi mapema asiadhibiwe, kwa kuwa mlipuko wa 2019 ulidhibitiwa na sampuli iliyopelekwa maabara kwa wakati. Masharti haya yakisimama pamoja, chanjo itakuwa kinga ya kundi. Likiondolewa mojawapo, mwanya linaouacha ni uleule ambao kirusi kiliupata Eastern Creek.