Linux Iliingia Dar kwa Mlango wa Ofisi

Historia ya kompyuta Dar es Salaam huandikwa kwa kawaida kutokea ofisini: wizara gani ilinunua mashine lini, benki gani ilianza, chuo gani kilifungua maabara. Historia hiyo ni ya kweli, lakini imeacha nje kibanda cha gemu, mahali ambapo vijana wengi wa Wazo, Tegeta, Mbagala na Tandika walikaa mbele ya skrini na kuiamrisha kwa mikono yao wenyewe. Pengo hilo si dogo. Naamini mfumo wa kompyuta huota mizizi katika jamii pale unapochezewa, si pale unapotumiwa kazini tu, na ushahidi mzuri wa jambo hili ni safari ya mfumo huria wa Linux katika mji huu. Linux ilifika mapema, ikafika bila bei, tena ikazungumza Kiswahili. Hata hivyo haikukaa, na sababu moja kubwa ni kwamba hapakuwa na cha kucheza.

Tuanze na wakati. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, isipokuwa kwa kibali. Kwa hiyo nchi ikakaa karibu miaka ishirini bila raia wa kawaida kuiona skrini ya aina yoyote nyumbani. Televisheni za Tanzania Bara zilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na mwaka 2001 kodi za kompyuta zikaondolewa. Milango hii miwili ilifunguka kwa kufuatana: familia ikapata televisheni, kisha mfanyabiashara mdogo akagundua kwamba televisheni hiyohiyo, ikiunganishwa na PlayStation ya mtumba na pedi mbili, inaweza kumlipia pango la fremu. Vibanda vya gemu vikaenea uswahilini bila sera, bila mfadhili na bila semina. Watoto walilipa kwa mechi, wakajifunza menyu za Kiingereza bila mwalimu, wakajua kuhifadhi mchezo, kubadili mipangilio na kutambua kifaa kibovu. Hiyo ilikuwa elimu ya kompyuta, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Wakati huohuo, katika mji huohuo, kulikuwa na jitihada ya aina nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha mradi wa Kilinux kupitia wataalamu wake wa sayansi ya kompyuta, pamoja na kampuni ya Sweden ya it+46 na fedha za shirika la Sida. Desemba 2004 mradi ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kishujaa. Wataalamu walikaa na kuamua faili liitweje, dirisha liitweje, amri iandikweje ili mtu asiyejua Kiingereza aielewe. Walithibitisha kwamba programu huria inaruhusu jamii kuishika lugha yake mwenyewe bila kungoja ruhusa ya kampuni ya ng'ambo. Lakini tazama walichokitafsiri: barua, jedwali, wasilisho. Mtu wa kwanza waliyemfikiria alikuwa karani. Kijana wa kibandani hakuwemo katika hesabu, na karani mwenyewe, akirudi nyumbani, alikuta mwanawe anaitaka kompyuta yenye Windows kwa sababu ndiyo inayocheza gemu.

Haitakuwa haki kuwalaumu watu wa Kilinux peke yao, maana mwaka 2004 hata wangetaka gemu wasingezipata nyingi. Linux ya Linus Torvalds ilizaliwa mwaka 1991, na mradi wa Wine, wenye nia ya kuendesha programu za Windows ndani ya mfumo mwingine, ulianza mwaka 1993. Gemu ya Doom ilipotoka mwishoni mwa mwaka huo, haikuchukua muda Dave Taylor wa id Software akaihamishia Linux. Mwaka 1998 ikaundwa kampuni ya Loki Software, iliyofanya biashara ya kuhamishia Linux gemu za kampuni nyingine, mojawapo Civilization: Call to Power. Ilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2002. Kosa halikuwa la ufundi. Njia yenyewe ilikuwa ghali: kila gemu ilihitaji mkataba wake, wahandisi wake na wanunuzi wake, na wanunuzi walikuwa wachache. Mwaka huohuo Sony ilikuwa ikiuza kifurushi cha kuweka Linux ndani ya PlayStation 2, yaani mashine ileile iliyotawala vibanda vyetu ingeweza kuwa darasa la kuandika programu. Kifurushi hicho kililenga wapenda ufundi wa nchi tajiri, kikapita bila vijana wa Tegeta kukisikia.

Mabadiliko yalikuja pale watu walipoacha kuhamisha gemu moja moja na kuamua kuitafsiri Windows yenyewe. Mwaka 2012 Gabe Newell wa kampuni ya Valve alisema hadharani kwamba Windows 8 ni janga kwa soko la kompyuta binafsi. Alihofia duka lake la gemu la Steam kuwa mateka wa kampuni moja. Februari 2013 Steam ikafika Linux rasmi. Mashine za gemu za Steam Machine za mwaka 2015 hazikushika soko, kwa sababu gemu bado zilikuwa chache, lakini somo halikupotea. Agosti 2018 Valve ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine na juu ya DXVK, programu inayogeuza amri za michoro za Windows ziwe amri ambazo Linux inazielewa. DXVK ilianzishwa na Philip Rebohle, aliyetaka kucheza NieR: Automata kwenye Linux. Kiu ya mchezo mmoja ikafungua maelfu ya michezo kwa kila mtu. Februari 2022 ikatoka Steam Deck, mashine ya mkononi inayoendeshwa na Linux, na Oktoba 2025 takwimu za Steam zikaonyesha watumiaji wa Linux wamepita asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Ni sehemu ndogo, lakini imekua bila mtengenezaji wa kila gemu kuombwa afanye lolote.

Anayevijua vibanda vyetu ana pingamizi zito hapa: mfalme wa kibanda ni mpira wa miguu, na mpira ndio uliofungiwa. Tangu FIFA 23, kampuni ya EA hutumia programu ya kuwanasa wadanganyifu inayoingia ndani kabisa ya Windows, na gemu zake mpya za mpira hazikubali kucheza kwenye Linux. Apex Legends ya kampuni hiyohiyo iliwafungia mlango watumiaji wa Linux mwaka 2024. Hili ni kweli na halifai kufichwa. Lakini kikwazo hiki ni uamuzi wa biashara: programu nyingine za aina hiyo, Easy Anti-Cheat na BattlEye, zilifunguliwa kwa Proton tangu mwaka 2021, na watengenezaji wanaotaka huziwasha. Uamuzi wa biashara hubadilika wateja wakiongezeka. Isitoshe, kibanda kinaweza kuacha mpira kwenye PlayStation yake na kuweka kompyuta pembeni kwa ajili ya michezo mingine. Hakuna sababu ya kuchagua kimoja na kukitupa kingine.

Wengine watasema Windows ya kukraki ni bure, na simu zimekwisha kushinda. Ya kukraki ina gharama: virusi vinavyosafiri kwa flashi kutoka mashine hadi mashine, na kwisha kwa msaada wa mtengenezaji. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo hazifikii masharti ya Windows 11. Mashine hizo hazijafa. Linux inaziendesha vizuri. Kuhusu simu, ni kweli kwamba Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, hivyo vijana wengi tayari wanacheza juu ya Linux bila kujua. Lakini simu humpa mtoto mchezo uliokwisha kufungwa, na si rahisi kuufungua uone umetengenezwaje. Gemu huria kama SuperTuxKart na 0 A.D. unaweza kuzikopi kihalali kwa jirani, kubadili picha zake na kutafsiri maneno yake. Hata hoja ya bando ina jibu: gemu hizo hupakuliwa mara moja na kusambazwa kwa flashi mtaa mzima, na Steam yenyewe tangu mwaka 2023 inaruhusu kompyuta moja kuipa nyingine gemu kupitia mtandao wa ndani, bila kupakua upya.

Kwa hiyo mradi wa Kilinux unastahili mrithi, na mrithi huyo aanzie kibandani. Wanafunzi wa vyuo vyetu watafsiri gemu huria kwa Kiswahili kwa bidii ileile iliyotumika kwa OpenOffice. Mafundi wa Wazo na Mbagala wafufue kompyuta zilizoachwa na Windows. Halmashauri zikitoa leseni za vibanda zivitambue kama mahali pa kujifunzia, si vijiwe vya kufukuzwa. Wanaodai mchezo ni kupoteza muda wajiulize kwa nini marufuku ya miaka ishirini ilishindwa kuua hamu ya skrini, ilhali tafsiri nzuri ya programu ya ofisi ilishindwa kuiamsha. Mwaka 2004 Linux ilikuwa na lugha yetu lakini haikuwa na michezo. Sasa ina michezo, na lugha tunayo. Kilichobaki ni kazi, na ni kazi ambayo mji huu umekwisha kuonyesha kwamba unaiweza.