Meja Walker na Nyumba ya Nyeri

Miongoni mwa walioutumikia Uskauti tangu siku zake za kwanza ni Meja Eric Sherbrooke Walker, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1887. Katika ujana wake alikuwa katibu wa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa rubani, akatekwa na Wajerumani. Alijaribu kutoroka mara nyingi. Subira na ujasiri, mambo ambayo vijana wa Skauti hufundishwa kwa michezo, yeye alitakiwa kuyaonyesha nyuma ya seng'enge.

Miaka kadhaa baada ya vita alihamia Kenya, na mwaka 1928 akaanzisha hoteli ya Outspan huko Nyeri. Urafiki wa zamani haukupoa. Mwaka 1938 Baden-Powell, sasa mzee aliyedhoofika, alihamia katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye uwanja wa hoteli hiyo, akaiita Paxtu. Humo alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa Nyeri. Kaburi lake lina alama ya Skauti, duara lenye nukta katikati, maana yake: nimekwenda nyumbani. Naye aliyekuwa katibu wake ujanani ndiye aliyekuwa mwenyeji wake uzeeni.